Jina la umbo, la kazi au la uhusiano? Kuchagua majina ya miundo ya data mnapokaguana msimbo

Msimu mmoja wa kahawa tulikuwa tunawalipa wakulima wa ushirika mmoja upande wa Masaka, Uganda, kwa pesa za simu. Ndani ya msimbo kulikuwa na kigeu, yaani jina linaloshika data, kinachoitwa `wakulima`. Jina linasomeka vizuri, na watu wawili waliokagua badiliko la msimbo lililokiingiza walilipitisha bila neno. Nilikuwa mmoja wao. Siku ya malipo, akina mama kadhaa waliofikisha kahawa yao mzanini hawakupata kitu. Tulipochimba tukakuta `wakulima` haikuwa orodha kama sote tulivyodhani. Ilikuwa kamusi, yaani muundo unaoweka kitu kimoja kwa kila ufunguo, na ufunguo wake ni nambari ya simu. Mume na mke wanaotumia simu moja, jambo la kawaida kabisa vijijini, walikuwa wanagombania nafasi moja, na aliyeingia mwisho alimfuta aliyetangulia.

Pesa zililipwa baadaye, lakini mtu aliyebeba gunia kutoka shambani asubuhi hahitaji maelezo ya kamusi na orodha. Tangu siku hiyo suala la majina nalipa uzito sawa na suala la majaribio. Swali ambalo waandishi wengi wa programu hapa Kampala huniuliza ni hili: tufuate mtindo upi? Mmoja amefundishwa chuoni aandike `orodha_ya_wakulima`, mwingine amesoma mahali kwamba umbo lisitajwe kabisa, wa tatu anaandika `w` na kusema msimbo wake uko wazi. Wote watatu wana hoja. Nimeweka mitindo minne hapa, kila mmoja kwa vigezo vile vile, ili mkikwama kwenye ukaguzi mjue mnabishania nini hasa.

## Vigezo vinne kabla ya kuchagua

Cha kwanza ni swali ambalo jina linajibu. Msomaji akikutana na kigeu katikati ya faili ana maswali kadhaa kwa pamoja: humu mna nini? Kinaingiliwa kwa ufunguo gani? Kina mpangilio? Kinaruhusu marudio? Hakuna jina linalojibu yote, kwa hiyo kuchagua mtindo ni kuchagua swali la kujibu na la kuacha.

Cha pili ni uimara. Umbo hubadilika, sheria za nchi hubadilika, mahitaji ya mteja hubadilika. Jina litaendelea kusema kweli?

Cha tatu husahaulika kuliko vyote: jina linafanyaje kazi mbele ya mkaguzi. Mwandishi ana faili nzima, na kihariri kinachomwonyesha aina ya kila kigeu akisogeza kishale juu yake. Mkaguzi ana vipande. Git, programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, kwa kawaida huonyesha mistari mitatu juu ya badiliko na mitatu chini yake. Kama kigeu kilizaliwa mistari mia mbili juu, mkaguzi hapaoni mahali hapo, ana jina tu. Na wengi wetu hukagua kwenye simu, ndani ya taksi iliyokwama Jinja Road. Jina linalotegemea kufungua faili nzima halijamfikiria mtu huyu.

Cha nne ni gharama ya kulibadilisha. Kigeu cha ndani ya funksheni hubadilishwa kwa dakika moja. Jina la safu kwenye hifadhidata, au la sehemu ya ujumbe unaotumwa na programu iliyoko kwenye simu za mawakala vijijini, ni kitu kingine. Wakala asiye na intaneti ya uhakika anaweza kukaa na toleo la zamani miezi, na toleo hilo litaendelea kutuma jina la zamani.

## Jina la umbo: `orodha_ya_simu`, `kamusi_ya_bei`, `foleni_ya_malipo`

Swali linalojibu. Nikishikeje? Orodha ina wa kwanza na wa mwisho, na inaruhusu marudio. Seti hairudii kitu. Foleni humtoa aliyetangulia, rundo humtoa aliyewekwa mwisho. Desturi hii ni ya zamani: kwenye Fortran ya mwanzo, mojawapo ya lugha za kale za programu, kigeu kilichoanza kwa herufi kati ya I na N kilihesabiwa kuwa nambari kamili bila kutangazwa, ndiyo maana mpaka leo `i` na `n` ni vihesabio vyetu. Baadaye Charles Simonyi, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Microsoft, akaanzisha viambishi vya mwanzo vya majina. Yeye alikusudia viambishi viseme kitu ni cha namna gani katika kazi ya programu, kwa mfano safu mlalo au safu wima. Waliofuata wakavigeuza kuwa tangazo la aina ya mashine, nambari au matini, na hapo ndipo mtindo ulipopata sifa mbaya.

Kuna jambo la kuangalia. Neno la umbo haliahidi kitu kile kile kila lugha. Kamusi ya Python imehakikishiwa kuhifadhi mpangilio wa kuingiza tangu toleo 3.7. Kwenye Go, mpangilio wa kupitia kamusi huchanganywa kwa makusudi ili mtu asiutegemee. Java ina `HashMap` isiyoahidi mpangilio wowote na `TreeMap` inayopanga kwa ufunguo. Mtu akihama kutoka Python kwenda Go na neno lake `kamusi`, anahama na ahadi ambayo haipo tena.

Uimara. Hapa mtindo huu ni dhaifu. Tulikuwa na `orodha_ya_simu`. Mtu mmoja, kwa nia njema, akaigeuza kuwa seti ili nambari isilipwe mara mbili, na jina likabaki. Aliyekuja baada yake akaandika `orodha_ya_simu[0]`, Python ikakataa, akabadilisha seti kuwa orodha tena na marudio yakarudi. Kila mmoja alifanya kazi sahihi kwa mujibu wa alichokisoma.

Mbele ya mkaguzi. Nguvu yake iko hapa, hasa kwenye lugha kama Python na JavaScript ambazo mara nyingi hazitangazi aina. Mkaguzi mwenye mistari saba tu anajua kama `[0]` ina maana. Kwenye Java au Go tangazo lenyewe lingesema, ila tangazo nalo mara nyingi halimo kwenye kipande anachokiona.

Linamfaa nani. Wanafunzi na wanaoanza kazi, ambao bado wanajifunza tofauti za maumbo. Timu inayoandika maktaba, ambako umbo ndiyo biashara yenyewe. Na sehemu yoyote ambayo umbo ni ahadi: `foleni_ya_malipo` ni jina zuri kwa sababu haki ya aliyetangulia kulipwa kwanza iko ndani ya neno foleni. Umbo likiacha kuwa foleni, mkulima ataona tofauti.

## Jina la kazi: `wakulima`, `malipo_yanayosubiri`, `mizani_ya_leo`

Swali linalojibu. Humu mna nini, kwa lugha ya wenye shughuli? Jina kama `malipo_yanayosubiri` linaeleweka hata kwa mhasibu wa ushirika. Ukilisoma kwa sauti mbele yake, atakusahihisha. Hiyo ni faida ambayo mitindo mingine haina.

Lakini jina la kazi linategemea watu kuwa na msamiati mmoja, na Afrika Mashariki haituhurumii hapo. Nichukue mfano wa maeneo. Uganda, ngazi za utawala wa mitaa hushuka kutoka wilaya, kaunti, kaunti ndogo, parokia hadi kijiji, na mabaraza yake watu huyaita LC5 hadi LC1. Kenya, tangu katiba ya 2010, kaunti ni ngazi ya juu kabisa chini ya serikali ya taifa, nazo ni 47. Tanzania, wilaya iko chini ya mkoa. Weka kigeu kinachoitwa `counties` mbele ya timu yenye Mkenya na Mganda, na kila mmoja atalipitisha badiliko akiwa na picha tofauti. Mwenzetu wa Nairobi aliwahi kuandika ripoti inayojumlisha mavuno kwa kaunti, akiamini hiyo ndiyo ngazi ya juu. Hesabu zilikuwa sahihi, ila zilikuwa jibu la swali ambalo mteja hakuuliza.

Au chukua kahawa yenyewe. Kwa mfanyabiashara wa kahawa Uganda, kiboko ni robusta iliyokaushwa na maganda yake, na kase ni ile iliyokobolewa. Ukikoboa, uzito hushuka karibu nusu. Kigeu `kilo_za_kahawa` kwa mtu wa Masaka hakijasema kitu, kwa sababu hajui ni kilo zipi. `kilo_za_kiboko` kinasema kila kitu kwake, na kinamshangaza mkaguzi wa Dodoma ambaye kiboko kwake ni mnyama wa majini au mjeledi. Nilipoona mkaguzi ameuliza, sikubadilisha jina. Niliongeza mistari miwili juu ya tangazo kueleza neno hilo, kwa sababu neno la sokoni ndilo litakalodumu, na mkaguzi atalijifunza mara moja tu.

Rekodi ya mtu nayo ina mtego wake. `first_name` ni jina lipi? Wengi hapa huandika jina la ukoo kwanza na la ubatizo au la dini baadaye, na ndugu wa baba mmoja wanaweza wasishiriki jina lolote. `jina_la_ukoo` na `jina_la_dini` yanaeleweka mara moja. La kwanza na la mwisho hayana maana mpaka uulize kwanza kwenye karatasi gani.

Uimara. Kwa umbo, mtindo huu ni imara sana: `wakulima` ikiwa orodha leo na seti kesho, jina halidanganyi. Kwa sheria, inategemea umechota nini. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, na kabla ya mwaka kwisha ikashuka hadi asilimia 0.5, tena kwa kutoa pesa tu. Aliyeandika `makato_asilimia_moja` alikuwa na jina la uongo ndani ya miezi michache. Aliyeandika `makato_ya_serikali` hakugusa kitu. Nambari inayowekwa na wizara isiingie kwenye jina.

Mbele ya mkaguzi. Husomeka haraka, na kusomeka haraka kuna hatari yake. Jina `wakulima` halikumfanya mtu yeyote asimame, mimi nikiwemo. Jina lililo wazi mno kwa maana linaweza kuficha muundo.

Kuna shida nyingine kwa wanaoandika majina kwa Kiswahili. Ngeli ya A-WA hutupa umoja na wingi bure: `mkulima` na `wakulima`. KI-VI vilevile, `kituo` na `vituo`. Ngeli ya I-ZI haitupi chochote. Simu moja ni simu, elfu moja ni simu. Bei, nyumba, namba, risiti, yote hayo hayageuki. Utakutana na `for simu in simu`, na Python haitalalamika: kigeu cha kwanza kitaifunika orodha, na baada ya mzunguko `simu` ni nambari ya mwisho tu. Kwa majina ya ngeli hii, mimi huazima kutoka mtindo wa kwanza, `orodha_ya_simu`, au huongeza kivumishi kinachobeba wingi, `simu_zilizosajiliwa`. Upatanisho wa kisarufi unafanya kazi ambayo nomino imeshindwa.

Linamfaa nani. Timu inayokaa karibu na wenye shughuli na kuwasikiliza. Mradi wa miaka mingi. Msimbo unaosomwa na wasio waandishi wa programu, kama wakaguzi wa hesabu.

## Jina la uhusiano: `mkulima_kwa_simu`, `bei_kwa_aina`

Swali linalojibu. Ukiwa na nini unapata nini? Huu ni mtindo wa kamusi hasa, na ndio ungetuokoa. Laiti kigeu kile kingeitwa `mkulima_kwa_simu`, umoja kwa umoja, mkaguzi yeyote aliyekulia kijijini angeuliza papo hapo: na wakitumia simu moja? Jina lingekuwa limesema wazi dhana iliyofichwa, kwamba simu moja ni mkulima mmoja, na dhana ikisemwa wazi ni rahisi kuikataa. Tulipoirekebisha tuliita `wakulima_kwa_simu`. Tofauti ni herufi chache za mwanzo, na ndani ya herufi hizo kuna orodha nzima ya watu kwa kila nambari.

Uimara. Wa kati. Ukibadilisha ufunguo ni lazima ubadilishe jina, na hilo naliona jambo jema, kwa sababu kila mahali palipotegemea ufunguo wa zamani patajitokeza kwenye badiliko na kukaguliwa. Kwa viwango vinavyobadilika na wakati mtindo huu hauna mpinzani: `kiwango_cha_makato_kwa_tarehe` kingevuka mwaka 2018 bila kuguswa, na kingekuwezesha kuhesabu upya muamala wa Agosti kwa kiwango cha Agosti.

Shida iko kwenye neno lenyewe, kwa. `bei_kwa_aina` ni kamusi. `bei_kwa_kilo` je? Kila mtu sokoni atasema hiyo ni nambari moja, bei ya kilo moja. Kiswahili kinatumia neno moja kwa mambo mawili. Timu yetu ilikubaliana hivi: kamusi hupata kila, `bei_kwa_kila_aina`, na nambari ya kizio, yaani kipimo kama kilo, hupata ya, `bei_ya_kilo`. Si kanuni ya sarufi, ni makubaliano ya ofisi, na tangu tuyaandike ugomvi huo umekwisha.

Mbele ya mkaguzi. Mzuri kuliko yote kwa kuibua maswali sahihi. Mbaya pale kamusi inapokaa ndani ya kamusi. `kilo_kwa_kila_mkulima_kwa_kila_msimu` ni jina la kweli, lakini mkaguzi kwenye simu analiona limekatika mistari miwili. Likifika urefu huo, jina linalalamikia muundo. Funguo mbili zinataka kuwa rekodi moja, `Mavuno`, yenye sehemu za mkulima, msimu na kilo. Mara nyingi mabishano marefu kuhusu jina huwa ni mabishano kuhusu muundo ambayo hakuna aliyethubutu kuyaanza.

Linamfaa nani. Kazi za fedha, usajili na ripoti, ambako utambulisho wa mtu ndio kila kitu. Na timu iliyotawanyika, Kampala, Arusha na Mombasa, ambako hamwezi kugeuza kiti na kuulizana.

## Jina fupi: `i`, `k`, `m`

Hili halihitaji maneno mengi. Linajibu swali la nafasi tu: kitu hiki ni cha hapa, sasa hivi. Ndani ya mzunguko wa mistari mitatu `i` linasomeka vizuri kuliko `kihesabio_cha_mkulima`, na desturi ya Go inalipendelea kwa vigeu vinavyoishi muda mfupi. Uimara si suala, kwa kuwa kigeu hufa mara. Mkaguzi hana tatizo mradi tangazo na matumizi vyote vimo kwenye kipande anachokiona. Likivuka mpaka huo humlazimisha kukariri. Linawafaa wazoefu wa funksheni fupi.

`data`, `info`, `tmp` na `matokeo2` yasichanganywe na majina mafupi. Hayo ni matupu, hata yakiwa marefu.

## Kizio, popote ulipo

Mtindo wowote utakaochagua, kuna kitu kimoja ambacho hautakibeba wenyewe: kizio. Shilingi ni ya Uganda, Kenya, Tanzania na Somalia. Kigeu `kiasi_cha_shilingi` kwenye mfumo unaovuka mpaka wa Busia, kati ya Uganda na Kenya, hakijataja fedha yoyote. Tena kuna jambo ambalo huwaumiza wengi: kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 4217, shilingi ya Uganda haina sehemu ndogo, ya Kenya ina tarakimu mbili za senti. Huduma ya malipo inayotaka kiasi kwa sehemu ndogo kabisa ya fedha itasoma 50000 kuwa shilingi elfu hamsini Kampala, na shilingi mia tano Nairobi. Andika `malipo_ugx` na `malipo_kes_senti`, na mkaguzi asipoyaona arudishe badiliko.

## Lugha gani?

Swali hili huzuka kila timu inapopata mtu mpya. Kiingereza kina faida ya kulingana na maktaba zote, na kila aliyesomea programu hapa ameandika msimbo kwa Kiingereza. Hasara yake tumeiona kwenye `counties`: neno moja la Kiingereza limevaa mavazi mawili katika nchi mbili.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya katiba ya 2005, ingawa ukweli ni kwamba ofisi nyingi za Kampala huongea Kiluganda na Kiingereza. Kwa timu inayovuka mipaka Kiswahili kinaunganisha, na hakina alama juu ya herufi, kwa hiyo majina yake hupita kwenye karibu kila lugha ya programu. Isipokuwa ritifaa, ile alama iliyomo kwenye neno ng'ombe. Mfumo wa ufugaji utaandika `ngombe`, na hapo ni afadhali kukubaliana siku ya kwanza. Angalia pia saa. Kwa Kiswahili, na kwa Kiluganda, hesabu ya saa za mchana huanza alfajiri, ya mashine huanza usiku wa manane. `saa_ya_kufungua` yenye thamani 2 ni saa mbili asubuhi kwa msomaji na usiku mzito kwa seva. Vigeu vya wakati sisi tuliviacha kwa Kiingereza kwa sababu hiyo tu.

Kiluganda kina usahihi ambao haupatikani kwingine. Ssaza, ggombolola, muluka na kyalo hutaja ngazi nne bila utata, na utawala wa kikoloni uliyaeneza maneno haya hata nje ya Buganda. Kwa mti wa maeneo ya Uganda ningeyatumia bila kusita. Kwa mfumo mzima, mwenzako wa Gulu au Arua atajiona mgeni katika kazi yake mwenyewe.

Kuchanganya si dhambi mradi mpaka uko wazi: maneno ya shughuli kwa lugha ya shughuli, maneno ya mashine kwa Kiingereza. `getWakulima` haijawahi kunisumbua. Kinachonisumbua ni `wakulima` kwenye faili moja na `farmers` kwenye nyingine, vitu ni vile vile.

## Jinsi ya kulisema kwenye ukaguzi

Mkaguzi akiandika "jina hili ni baya", mwandishi atajitetea. Akiandika alichoelewa, mazungumzo hubadilika. Mfano wa majibizano ya wiki iliyopita:

"Kaka, nikisoma `wateja` hapa naelewa ni orodha ya wote waliosajiliwa. Ndivyo?"

"Hapana dada, ni waliolipa mwezi huu tu."

"Basi naomba `waliolipa_mwezi_huu`. Mimi umeshanijibu, atakayekuja baada yangu hatakuona."

Hapo ndipo ninapotaka timu zisimame. Swali likiulizwa kwenye ukaguzi, ushahidi umepatikana kwamba jina halikujibu. Jibu liandikwe ndani ya jina, au juu ya tangazo, lisibaki chini ya swali mahali ambapo hakuna atakayelisoma mwaka ujao. Na hapa Uganda, ambako kijana huona vigumu kumsahihisha mkubwa hadharani, kuuliza "ndivyo?" humpa nafasi ya kusema bila kumvunjia mtu heshima. Kiongozi wa timu aulize hivyo yeye kwanza, kwenye msimbo wake mwenyewe.

Kubadilisha jina kuje kwenye badiliko lake peke yake. Ukilichanganya na mantiki mpya, mkaguzi ataona mistari mia mbili ya `wakulima_kwa_simu` na mstari mmoja wenye hitilafu utapita katikati yake.

## Kwa hali yako

Kama kitu ni kamusi na ufunguo wake unamtambulisha mtu au fedha, anza na jina la uhusiano, na mtu mmoja kwenye ukaguzi apewe kazi ya kuuliza ufunguo ukigongana itakuwaje.

Kama ni mkusanyiko wa kupitia tu, mmoja baada ya mwingine, jina la kazi latosha. Nomino ikiwa ya I-ZI, ongeza orodha au kivumishi.

Kama mpangilio au kutorudia ni ahadi kwa mtumiaji, taja umbo, na andika jaribio linaloshindwa umbo likibadilika.

Kama mko kwenye lugha isiyotangaza aina na timu ni changa, vumilieni majina ya umbo kwa miezi ya mwanzo. Yatapungua yenyewe kadiri watu wanavyozoea.

Kama jina liko kwenye hifadhidata au kwenye ujumbe wa programu za mawakala, lijadilini kwa sauti kabla ya kuunganisha badiliko na msimbo mkuu, na mwenye shughuli awepo. Likishatoka, acheni la zamani lifanye kazi sambamba na jipya mpaka simu ya mwisho imesasishwa.

Kama timu inavuka mpaka, wekeni faili moja ya maneno yanayogombaniwa: kaunti, wilaya, shilingi, kiboko, saa. Ya kwetu ina maneno chini ya thelathini, na mtu mpya huisoma kabla ya kufungua msimbo.

Na kama wakaguzi wawili wamevutana zaidi ya maoni mawili, na majina yote mawili yanasema kweli, aliyeandika achague, badiliko liunganishwe, wakulima walipwe leo.